Bibi Harusi wa Kwenye Pazia

Nilianza kugombana na yule Mwingereza muhula wa kwanza, na kosa lake lilikuwa moja tu, kuandika shairi. Alikufa zamani, enzi za mababu wa mababu zetu, naye ni wa kundi lile la washairi waliokuwa wakiona ua moja wanakaa chini kulia. Shairi lake lilikuwa kwenye masomo ya Kidato cha Sita. Mimi ndiye mwalimu wa fasihi ya Kiingereza katika shule yetu, nje kidogo ya mji wa Tarime, kwa hiyo hakuna aliyeweza kunisaidia kumkwepa.

Shairi lenyewe linasema hivi, kwa Kiswahili changu. Mshairi ameingia katika nyumba kubwa ya zamani, akaona pazia limetundikwa ukutani. Pazia limefumwa picha: ni asubuhi, kuna nyumba, kuna lango, kuna ng'ombe wamesimama nje ya lango, na mlangoni pa nyumba kuna bibi harusi. Mguu wake mmoja uko nje, mwingine bado uko ndani kwa baba yake. Hakuna kingine kinachotokea, maana ni pazia. Lakini mshairi anamsemesha yule binti beti nzima nzima. Anamwambia wewe una bahati, jua lako halitapanda, maua yako hayatanyauka, mguu wako hautagusa vumbi. Sisi tunaokutazama tutazeeka na kuondoka, watakuja wengine wakutazame, nao wataondoka, na kwako bado itakuwa asubuhi. Baki hapo hapo, anamwambia.

Nilipofika kwenye mstari huo nilifunga kitabu, nikaenda kunywa chai.

Msinione mkorofi. Mimi mwenyewe nilikuwa mlangoni. Mchumba wangu Joram ni Mngoreme wa Morotonga, karibu na Mugumu, fundi wa sola, mtu wa maneno machache na mikono isiyotulia. Alikuja kufunga taa za bweni la wasichana shuleni kwetu, na kazi iliyotakiwa kwisha upesi ikamchukua muda mrefu kiasi kwamba mkuu wa shule alianza kuuliza bweni lina vyumba vingapi. Wazee wake wakaja kujitambulisha, wakala, wakakubaliana na wazee wetu, hakuna aliyempinga. Kilichobaki kilikuwa ng'ombe wa mahari kuingia katika zizi la tata. Tata ni baba, kwa Kikurya.

Kwetu ng'ombe wa mahari hapokelewi kwa mdomo. Anakuja, anasimama nje ya zizi, baba wa binti anamzunguka, anamtazama meno na kwato, akiridhika ndipo lango linafunguliwa. Asiporidhika, ng'ombe anarudi alikotoka, na binti anarudi jikoni. Tata alikuwa amewarudisha mara mbili. Mara ya kwanza alisema wamechoka na safari, na yeye hapokei ng'ombe wasio na raha. Mara ya pili alisema yule wa mbele ana baka jeupe kama la ng'ombe aliyemuua babu yake. Babu huyo alikufa kwa malaria, bibi mwenyewe alikuwa akitusimulia.

Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba kusimama mlangoni milele ni bahati, namsikiliza kwa shida.

Juu ya hayo, mkuu wa shule akaniita ofisini akaniambia kwamba Ijumaa ya wiki ijayo walimu wa fasihi kutoka wilaya za Tarime na Serengeti watakuja kuniona nikifundisha. Nifundishe nini? Lile lile shairi. Nikasema asante mkuu, nikatoka.

Swali la mtihani kuhusu shairi hilo huwa halibadiliki: kwa nini mshairi anafurahi? Na jibu lake lipo kwenye kila kitabu cha marejeo, kwamba sanaa hudumu na uzuri hauzeeki. Niliwaandikia wanafunzi ubaoni wakanakili. Mimi sikuliamini, na nadhani chaki yenyewe ilijua. Daudi, ambaye hukaa dirishani ili aone mpira, akanyoosha mkono.

"Mwalimu, hao ng'ombe ni wa mahari?"

"Hapana. Ni mandhari tu, Daudi. Uingereza binti haolewi kwa ng'ombe."

"Sasa wamesimama langoni wanafanya nini?"

"Wamekataliwa," alisema Tabitha kutoka mstari wa mbele, bila hata kuinua kichwa.

Darasa zima likacheka, halafu likanyamaza ghafla na kuangalia madaftari. Walikuwa wanajua habari zangu wote. Tarime ni mji, lakini kwa habari za mahari ni kijiji.

Jioni hiyo nilikaa na kitabu barazani. Tata alikuwa kwenye kigoda chake anapukuchua mahindi, mama anachambua maharage. Mama yangu anaitwa Modesta, na kama kuna mtu aliyechoka na ukaguzi wa ng'ombe kuliko mimi, ni yeye, kwa sababu kila ugeni ukija ndiye anayepika.

"Kila siku unakigombeza hicho kitabu," tata aliniambia. "Kimekufanyia nini? Hebu soma."

Nikamsomea kwa Kiingereza, halafu nikamweleza mstari kwa mstari. Alisikiliza kama anavyosikiliza kesi kwenye baraza la ukoo, uso umekunjwa na gunzi limesimama mkononi.

"Ng'ombe wako nje ya lango?" aliuliza.

"Wako nje."

"Basi hawajapokelewa. Huyo binti yuko sahihi, asitoe mguu wa pili."

"Tata, hao si ng'ombe wa mahari. Ni mandhari."

"Ng'ombe si mandhari," alinijibu kwa upole, kama mtu anayemrekebisha mtoto mdogo. "Na baba yake yuko wapi?"

"Hayumo."

"Kwenye picha yote hayumo?"

"Hayumo. Kuna nyumba, kuna lango, kuna ng'ombe na binti."

"Haiwezekani. Binti anaondoka nyumbani, ng'ombe wako langoni, halafu baba mwenyewe hayupo? Huyo aliyefuma hakuwahi kuoza mtoto." Akarudi kwenye mahindi yake akiwa amekasirika kweli, amemkasirikia mfumaji.

"Lakini pazia limekushinda, Baba Rhobi," mama alisema. "Angalau kwenye pazia mlango umefunguliwa."

Nilicheka mpaka nikasahau kwamba bado sina jibu la Ijumaa.

Jumapili baada ya ibada, ng'ombe wakaja mara ya tatu. Joram alikuja na Fuso pamoja na mjomba wake Ezekiel, ambaye ndiye mshenga, mzee nadhifu anayevaa koti hata jua likiwaka. Walishusha ng'ombe taratibu, wakawapumzisha kivulini, wakawanywesha maji, ili safari hii pasiwe na neno la uchovu. Wala hapakuwa na baka jeupe kwenye paji lolote. Joram alikuwa amewachagua mwenyewe, na wa mbele alikuwa mtamba mwekundu aliyenona, wa kumfanya jirani apitishe siku nzima kwenye uzio.

"Shikamoo baba," Joram alisema.

"Marahaba, mura, kijana wangu. Habari za Morotonga?"

"Nzuri tu baba. Ng'ombe hao hapo, waangalie kwa nafasi."

Tata akawaangalia kwa nafasi. Akamzunguka yule mwekundu, akamtazama meno, akamshika nundu, akainama akatazama kwato. Halafu akasimama mbele yake, na yule mtamba naye akainua kichwa akamtazama.

"Huyu anaangalia watu sana," tata alisema.

Ezekiel alivua kofia. "Baba Rhobi, ng'ombe akiangalia watu ana ubaya gani?"

"Ng'ombe mzuri anaangalia majani."

Mama aliingia ndani, na nikasikia sufuria zikiwekwa kwa nguvu. Ezekiel akarudisha kofia kichwani bila kuaga, na kwa mzee wa heshima kama yule hilo lilikuwa tusi la kutosha. Joram alinivuta kando ya Fuso.

"Mjomba amechoka," aliniambia. "Ng'ombe tutawaacha kwa rafiki yangu pale Bomani mpaka Jumamosi. Jumamosi tunawaleta mara moja tu. Wakirudishwa, wanapanda gari mpaka nyumbani, na mjomba anasema ukoo utatafuta binti kwingine."

"Na wewe unasemaje?"

"Mimi nitakuja hata kwa miguu, Rhobi. Ila sitakutorosha. Nataka utoke mlangoni kwa baba yako mchana, watu wakiona."

Nilimpenda sana kwa maneno hayo, na nilitamani pia kumtingisha. Gari lilipoondoka, mama alitoka uani na mwiko mkononi akamwambia tata, mbele ya majirani, kwamba mkataa pema pabaya panamwita. Tata alichukua kofia yake akaelekea nyuma ya banda la kahawa.

Nilizipa muda hasira zangu ziive vizuri. Jua lilipoanza kulegea nikamfuata, maneno yote nimeshayapanga. Ningemwambia kwamba katika zizi lake kuna dume lenye pembe moja na hakuna aliyewahi kulirudisha. Ningemwambia kwamba mimi si muhogo wa kusubiri mvua. Lakini kabla sijalizunguka banda nikasikia iritungu.

Hapa lazima niseme kwamba baba yangu, Mogesi, ni mpigaji wa iritungu, zeze letu la nyuzi nane, na upande huu wa Tarime enzi zake hakuna harusi iliyopita bila yeye. Kazi yake ni kumtungia bibi harusi wimbo. Anakaa na familia mchana mmoja, anamtazama binti, na jioni wimbo upo, una jina lake na nyumba yao na namna anavyotembea. Kuna bibi mmoja jirani yetu, Bhoke, mgongo umepinda na meno yamebaki ya kuhesabika. Katika wimbo wa tata, Bhoke anaruka kijito akiwa na mtungi kichwani na hamwagi tone. Wimbo ule ukipigwa popote watu humgeukia, naye hunyoosha mgongo. Nimemwona kwa macho yangu akinyoosha.

Sasa tata alikuwa akipiga kitu ambacho sijawahi kukisikia. Nikasimama nyuma ya banda nisikilize. Aliimba kwa Kikurya, sauti ya chini, kwamba ni asubuhi na umande haujakauka, na ng'ombe wako langoni, na Rhobi yuko mlangoni, mguu mmoja uko nje. Alikuwa amemwibia Mwingereza bila aibu yoyote. Alipofika kwenye mguu wa pili, vidole vikasimama. Akarudi mwanzo. Asubuhi, umande, ng'ombe, Rhobi, mlango. Vikasimama tena pale pale.

Nilijitokeza. Yale maneno niliyoyapanga sikuyaona tena.

"Yule mtamba hana kasoro, tata."

"Hana," alisema, macho kwenye nyuzi. "Ni ng'ombe mzuri sana. Hata wale wa kwanza walikuwa wazuri."

"Sasa?"

"Mabinti wote wa hapa nimewaimbia. Wimbo wa binti unaanzia ndani kwa baba yake, unaishia kwa mumewe, ndivyo tulivyofundishwa. Wako nimeanza tangu yule kijana alipoleta wazee wake. Kila nikifika mlangoni, vidole vinakataa. Nikaona nikiwarudisha ng'ombe nitapata muda wa kuumaliza. Muda nimeupata, wimbo haujaisha." Akajipangusa uso kwa kofia. "Nitakukosa sana, mwanangu. Nyumba itakuwa kubwa."

Nilikaa chini kwenye majani makavu ya kahawa na sketi yangu ya kanisani, nikalia, na katikati ya kulia nikaanza kucheka, kwa sababu baba yangu alikuwa amemsingizia ng'ombe kutazama watu wakati ni yeye aliyekuwa hawezi kuacha kunitazama. Na hapo hapo, bila kumtafuta, yule Mwingereza akanijia.

Baba hayumo kwenye pazia kwa sababu amesimama mbele yake. Ndiye anayesema. Siwezi kuapa kwamba mshairi alikuwa na binti, pengine hakuwa hata na mke, lakini sauti ile ni ya mtu aliyebaki uani. Miezi yote hiyo nilidhani anampongeza bibi harusi, nikamwonea hasira, kumbe bibi harusi hamsikii, ni uzi tu. Alikuwa anajifariji mwenyewe. Yeye ndiye anayezeeka, yeye ndiye ambaye jua lake linapanda. Na binti wa kweli, yule ambaye mfumaji alimtazama, alitoa mguu wa pili siku ile ile. Alikwenda zake, akapata watoto, akanenepa, akaishi. Pazia halikumzuia. Pazia lilibaki mlangoni kwa niaba yake, ndiyo maana yeye aliweza kwenda.

"Tata," nilisema, "usiumalize."

"Wimbo usiomalizika?"

"Uishie pale pale. Niache mlangoni. Mguu wa pili nitautoa mimi mwenyewe."

"Watu watasema Mogesi amezeeka, amesahau mwisho."

"Waache waseme."

Akaliweka iritungu vizuri pajani akapiga tangu mwanzo. Alipofika mlangoni hakutafuta kitu kingine, alilaza kiganja juu ya nyuzi, zikanyamaza zote pamoja. Tukasikia kuku wanapanda kulala na mama bado anagombana na sufuria.

"Pamekaa," alisema, na uso wake ulikuwa wa fundi aliyeona kiti kimesimama bila kuyumba. Halafu akakumbuka. "Na ng'ombe je? Wanabaki langoni?"

"Kwenye wimbo wabaki. Jumamosi waingie zizini."

Alicheka mpaka akakohoa.

Ijumaa nilifundisha. Sikuandika jibu lolote ubaoni. Niliwaambia wanafunzi waitazame picha ya lile pazia vizuri, halafu waniambie ni nani asiyekuwemo na yuko wapi. Mkuu wa shule akaanza kukohoa kwa wasiwasi. Kisha Tabitha akasema ni baba, halafu mwingine akasema ni mama, mwingine akasema ni yule anayebaki, yeyote yule, na kuanzia hapo sikuweza kuwanyamazisha. Hata wageni walisahau kwamba wamekuja kukagua. Mwalimu mmoja wa Serengeti alibishana na Daudi kuhusu wale ng'ombe mpaka kengele ikalia, yeye akishikilia kwamba ni wa mahari na Daudi, ambaye siku hiyo aliamua kuwa mpinzani, akishikilia kwamba ni mandhari. Niliwaacha. Shairi halikudhurika.

Jumamosi, Fuso lilipokata kona, lango la zizi lilikuwa limeshafunguliwa na tata amesimama pembeni yake na shati la Krismasi. Ezekiel aliteremka kwa tahadhari, kama mtu anayeingia nyumba yenye mbwa.

"Hutatazama meno?" aliuliza.

"Niliyaona Jumapili."

"Na huyu anayeangalia watu?"

"Huyo atangulie," tata alisema, akampiga yule mtamba kofi dogo la kirafiki kwenye nyonga. Mama alipiga kigelegele kabla mkia wa ng'ombe wa mwisho haujaingia, na sufuria siku hiyo ziliwekwa chini polepole.

Siku ya kuondoka kwangu tata alikaa barazani, iritungu pajani, watu wamejaa uani mpaka kwenye migomba. Akaimba asubuhi yangu, umande wangu, ng'ombe wangu. Nilikuwa mlangoni kweli, mguu mmoja nje. Akalaza kiganja. Watu wakasubiri. Shangazi zangu walikuwa wameshafungua midomo kwa kigelegele cha mwisho wa wimbo wakabaki hivyo, na Bibi Bhoke akauliza kwa sauti kama mzee ameugua. Nikamtazama tata, naye akanitazama, akaniachia tabasamu dogo la mtu ambaye kazi yake imekamilika. Nikatoa mguu wa pili.

Sasa nafundisha Mugumu, na nyumba yetu hapa Morotonga ina taa nyingi kuliko vyumba. Joram alirekodi wimbo ule siku ya harusi, uko kwenye simu yake, na hata mafundi wenzake wanauimba wakipanda juu ya mabati. Jana nilipiga simu nyumbani kusalimia, mama akapokea.

"Shikamoo mama. Tata yupo?"

"Marahaba. Yuko nyuma ya banda, yuko na Rhobi."

"Rhobi ni mimi, mama."

"Wewe uko Morotonga," mama alisema. "Huyu mwingine hajaondoka."

Nikanyamaza nisikilize, na kweli, kwa mbali nyuma ya sauti yake, tata alikuwa amefika kwenye umande.